Mshahara Umepanda, Mbona Wangu Umelala?

Mei Mosi ya 2025, akiwa Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Jioni ile vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, hapa Tanga, havikuwa na mada nyingine. Mlinzi mmoja wa ghala, mwenye kawaida ya kupiga vikombe viwili kabla ya kuingia lindoni, akauliza: "Wazee wangu, hiyo laki tano inaniingia mwezi wa saba moja kwa moja, au mpaka bosi asaini?" Mmoja akamwambia bosi hana ujanja, Rais keshasema. Mwingine akamwambia asahau, mambo hayo ni ya maofisini, mlinzi analipwa kwa makubaliano.

Wote wawili walimpoteza. Laki tano ile ilikuwa ya watumishi wa umma: mwalimu wa shule ya serikali, muuguzi wa Hospitali ya Bombo, karani wa halmashauri. Mlinzi wa kampuni binafsi haikumgusa hata kidogo. Lakini si kweli pia kwamba yeye hana kima cha chini. Anacho, na kimechapishwa kwenye Gazeti la Serikali, ila kinapangwa kwa hati nyingine na kwa kalenda yake. Kalenda hiyo ndiyo nataka tuikalie, kwa sababu mjadala wetu umeganda kwenye kiasi, laki ngapi na asilimia ngapi, ilhali kinachomla zaidi mfanyakazi wa Tanga ni miaka inayopita kati ya tangazo moja na jingine.

Jedwali refu

Kwa sekta binafsi mambo yanaanzia kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004. Sheria hiyo inampa waziri wa kazi mamlaka ya kuunda bodi za mishahara, ambamo serikali, waajiri na wafanyakazi wanakaa meza moja. Waajiri wanasemewa na chama chao, ATE. Wafanyakazi wanasemewa na shirikisho lao, TUCTA, na vyama vilivyo chini yake: TPAWU kwa watu wa mashambani, TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa mahoteli na kazi za nyumbani. Bodi inatakiwa ipime gharama za maisha, iangalie uwezo wa waajiri kuendelea na biashara, isiwasahau wafanyabiashara wadogo, na ikumbuke umaskini. Mambo hayo yanavutana, na haishangazi kwamba vikao vyake havimalizwi kwa chai moja. Mwisho wa yote bodi inapendekeza, waziri anatoa Amri ya Mishahara.

Amri hiyo haina namba moja. Ina jedwali, kila sekta na mstari wake. Iliyotolewa Novemba 2022 na kuanza kutumika Januari 1, 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa shambani. Viwanda na biashara ilikuwa 150,000. Kampuni ndogo ya ulinzi 148,000, kampuni kubwa au ya kimataifa 222,000. Mikahawa, gesti na baa 150,000, wakati hoteli za kitalii zilipangiwa 300,000. Taasisi za fedha 592,000. Na msaidizi wa kazi za nyumbani anayelala kwa mwajiri wake, katika familia ya kawaida, 60,000. Elfu sitini. Tusome tena, sisi tunaowalaumu mabinti kwa kuondoka bila kuaga.

Sasa njoo kwenye tangazo la Oktoba 2025, lililotoka mwezi ule ule wa uchaguzi mkuu. Serikali ilisema kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kwa asilimia 33.4, kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Namba hizo ni wastani wa sekta zote. Wastani unamweka mtu wa benki na mkata mkonge wa Korogwe kwenye sahani moja, kisha unawagawia sawa kwenye karatasi. Mfanyakazi aliyekuwa na 140,000 yake akisikia kwamba kima cha chini kilikuwa 275,060, lazima ajiulize alikuwa anaibiwa na nani. Huenda hakuibiwa na mtu. Alikuwa kwenye mstari wake wa jedwali, na redio haikuusoma mstari huo.

Ukichukua kikokotoo ukagawanya mwenyewe, kutoka 275,060 hadi 358,322 ni asilimia 30 na kidogo, haifiki 33. Si lazima mtu awe amedanganya. Chukua sekta mbili tu: moja imetoka 100 ikaenda 150, nyingine imetoka 500 ikaenda 600. Ya kwanza imepanda kwa asilimia 50, ya pili kwa 20. Wastani wa asilimia hizo ni 35. Lakini wastani wa mishahara yenyewe umetoka 300 ukaenda 375, yaani asilimia 25. Hesabu zote mbili ni halali, na anayetangaza huchagua inayompendeza. Ndiyo maana tangazo la wastani halimsaidii mfanyakazi mmoja mmoja. Kinachomhusu ni jedwali lililoambatanishwa na Amri, na mstari wa sekta yake.

Miaka tisa na nusu

Kabla ya Amri ya 2022 kulikuwa na ya Julai 2013. Kutoka Julai 2013 hadi Januari 2023 ni miaka tisa na nusu. Mtoto aliyezaliwa siku Amri ile inaanza kutumika alikuwa keshaingia darasa la tatu au la nne ilipokuja nyingine.

Mwaka 2013 kima cha shambani kilikuwa 100,000. Kikapanda hadi 140,000, asilimia 40, na kwa tangazo la redioni asilimia 40 inasikika kama neema. Lakini ukizidisha mfumuko wa bei wa mwaka mmoja mmoja uliotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, tangu katikati ya 2013 mpaka mwisho wa 2022, unakuta bei kwa ujumla zilipanda kwa takribani nusu. Mtu wa shambani alihitaji kama 150,000 ili abaki pale pale alipokuwa. Akapewa 140,000, akashangilia, na alikuwa amerudi nyuma. Wa viwanda na biashara aliumia zaidi: 115,000 ikawa 150,000, asilimia 30, wakati kubaki palepale kungetaka zaidi ya 170,000. Mlinzi wa kampuni ndogo, kutoka 100,000 hadi 148,000, ndiye aliyeambulia karibu sawasawa.

Hata huyo mlinzi aliyeambulia sawa hakutoka salama, na hapa ndipo watu wengi hawafiki. Mshahara wake haukuwa ukipanda polepole pamoja na bei katika miaka ile. Ulikuwa laki moja mwaka 2013, laki moja 2016, laki moja 2019, na bei zikienda zake. Kila mwaka kilo zilipungua kwenye mfuko anaorudi nao nyumbani. Mwaka wa tisa akafikishwa pale alipoanzia, na pengo la miaka iliyopita hakuna aliyemrudishia.

Kwa upande wa serikali hadithi ni ile ile. Mwaka 2010 TUCTA ilidai kima cha chini cha 315,000 na kutishia mgomo, mpaka Rais Kikwete akakutana na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee kulijibu jambo hilo. Wengi tunakumbuka ubishi wa siku zile, laki tatu na kumi na tano ilivyoonekana kama kichekesho. Kima cha serikali kilikuja kuivuka namba hiyo Julai 2022, kilipotoka 300,000 hadi 370,000. Kwa wakati huo laki tatu na kumi na tano ya 2010 ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake sokoni.

Niseme haki pia: mara hii kalenda imekwenda vizuri zaidi. Kati ya Januari 2023 na Januari 2026 ni miaka mitatu tu, na mfumuko wa bei ulikuwa wa asilimia tatu hadi nne kwa mwaka, ukijumlisha ni kama moja ya kumi. Nyongeza ya asilimia 30 mbele ya mfumuko huo ni nyongeza ya kweli. Shida ni kwamba hakuna anayejua inayofuata itakuja lini.

Ufaransa wamelitatua hilo kwa njia kavu kabisa. Kima chao cha chini kinapitiwa kila Januari 1, na bei zikipanda kwa asilimia 2 katikati ya mwaka, kinapanda chenyewe bila hotuba. Marekani wamekwenda kinyume: kima cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na hakijasogea, ingawa majimbo mengi yamejiwekea vya juu zaidi. Kwa hiyo utajiri wa nchi si jibu. Nchi maskini inaweza kuweka namba ndogo inayotembea na bei, na nchi tajiri inaweza kuweka namba kubwa ikaiacha ioze.

Mbona sisi hatufanyi kama Ufaransa? Waajiri wataogopa kufungwa na namba ambayo hawakuijadili, na Hazina itaogopa mshahara unaopanda mwaka ambao makusanyo yameshuka. Hoja hizo zina uzito. Ila kuna nyingine isiyosemwa: nyongeza inayokuja yenyewe haina mwenyewe. Haipigiwi makofi uwanjani.

Asilimia tatu ya nani?

Nenda Soko la Mgandini asubuhi, mwambie muuza nyanya kwamba mfumuko wa bei ni asilimia tatu. Kama hakukucheka, mwenzake wa vitunguu atamsaidia. Watu wamefikia kuamini kwamba NBS wanapika takwimu. Sidhani kama wanapika. Wanapima kapu, yaani orodha ya bidhaa na huduma wanazofuatilia bei zake, ambalo si la huyu mama wa nyanya.

Kapu la fahirisi ya bei za mlaji linalotumika sasa lina bidhaa na huduma 383, na ndani yake chakula na vinywaji visivyo na kileo vina uzito wa asilimia 28.2. Maana yake kapu linamchukulia mlaji wa taifa zima, mwenye gari na asiye na baiskeli, kwamba katika kila shilingi mia anazotumia, 28 zinakwenda kwenye chakula. Sasa tazama hesabu nyingine ya NBS hao hao. Katika utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 walikokotoa mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi: shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na katika hizo, 33,748 ni za chakula. Hiyo ni asilimia 68.

Kwa hiyo chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vingine vyote vikitulia, kapu la taifa litaonyesha ongezeko la asilimia 2.8. Kwa mtu anayeishi kwenye ule mstari, maisha yamepanda kwa asilimia 6.8. Siku ile ile, soko lile lile. Mchumi na mama wa nyanya wanabishana na wote wawili wanasema kweli.

Kuna na jambo ambalo kapu halilikamati vizuri, nalo ni ukubwa wa kipimo. Simama jioni kwenye duka lolote la Makorora uangalie watu wanavyonunua. Mafuta ya kula ya jero, yanapimwa kwa kikopo mpaka kwenye kichupa alichokuja nacho mtoto. Sukari robo. Mkaa kopo mbili. Sabuni kipande. Mwenye duka hapandishi bei ya jero, maana jero ni jero, anabadilisha kikopo. Andazi la asubuhi vivyo hivyo, bei yake inaweza kukaa miaka, ila linaliwa kwa matonge machache zaidi. Na anayenunua mkaa kwa kopo analipa ghali kwa kila kilo kuliko anayeshusha gunia zima. Si kwamba hajui hesabu. Hana hela ya gunia siku hiyo.

Kodi ya nyumba inafanya hivyo hivyo kwa njia nyingine. Mshahara ni wa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita. Mfanyakazi wa 150,000 ile ya Amri ya 2022 hawezi kutoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo bila kukopa, kwa hiyo anaingia kikoba, au anacheza upatu na kuomba zamu yake isogezwe mbele, na ikishindikana kote anaishia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Riba ile nayo ni gharama ya maisha, lakini hakuna kapu linaloipima.

Je, ni kweli kwamba mishahara ikitangazwa kupanda, bei nazo zinapanda? Hili linasemwa kila Mei. Kwa Tanga ninavyoona mimi, bei nyingi zina sababu zake ambazo hazisikilizi redio. Upepo wa kusi ukishika, vyombo vidogo havitoki, na vibua vinavyoliwa na kila nyumba vinakuwa vya kugombaniwa. Kabichi na karoti zinashuka kutoka Lushoto kwa lori, na lori linakunywa dizeli ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei yake ya ukomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikiwa na hesabu ya pekee kwa mafuta yanayoshushwa Bandari ya Tanga. Bei ya dunia iliporuka mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine, serikali ililazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni ili pampu zisiue watu. Mlinzi wa ghala hakuchangia hata senti kwenye mruko ule.

Wanaosikiliza redio kwa makini ni wenye nyumba. Hao ndio wanaweza kupandisha kwa sababu tu wamesikia mpangaji kaongezwa, na mara nyingi mpangaji mwenyewe hakuongezwa, kaongezwa mwalimu wa nyumba ya pili.

Nauli nayo ilipanda kwa tangazo. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipandisha ukomo wa nauli ya mabasi ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka 500 hadi 600. Mia moja tu, utasema. Lakini 600 kwenda na 600 kurudi, siku 26 za kazi, ni 31,200 kwa mwezi. Kwa mtu wa 150,000 hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya mshahara, kabla hajanunua unga. Ndiyo sababu moja Tanga tunatembea kwa baiskeli, pamoja na kwamba mji ni tambarare.

Saa zinazokwenda bure

Turudi kwa walinzi, maana kuna hesabu nataka tuifanye pamoja. Natumia kiwango cha kampuni ndogo cha Amri ya 2022, shilingi 148,000, kilichotumika miaka mitatu mizima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inasema wiki ya kawaida ya kazi ni saa 45, siku isizidi saa 9, siku za kazi zisizidi sita. Jedwali la mishahara linachukulia mwezi kuwa na saa 195. Gawanya 148,000 kwa 195, unapata shilingi 759 kwa saa. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani kama 1,138. Na saa za ziada zina ukomo, 50 katika kila wiki nne.

Walinzi wengi ninaowafahamu wanaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa 12 kwa siku 26 ni saa 312. Toa 195, zinabaki 117 za ziada, zaidi ya mara mbili ya ukomo. Tuache ukomo kidogo, tuhesabu malipo tu: 117 mara 1,138 na senti zake ni shilingi 133,200. Mlinzi huyo alitakiwa apate 281,200 kwa mwezi, na hapo bado sijaweka nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku wala malipo maradufu ya sikukuu. Anapewa 148,000, anakatwa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, anaondoka na 133,200. Yaani saa za ziada asizolipwa zinalingana shilingi kwa shilingi na kile anachobeba kwenda nyumbani.

Amri ya 2022 ilimwongezea mlinzi huyu asilimia 48; saa hizi za ziada ni asilimia 90 ya mshahara wake. Saa zikilipwa kama sheria ilivyoandikwa, nyongeza hiyo ingepatikana bila bodi kukaa wala waziri kusaini. Kwa maoni yangu hili lilitakiwa liwe juu kabisa kwenye mabango ya Mei Mosi. Lakini namba mpya ni tamu zaidi kudai kuliko saa za zamani.

Hofu ya waajiri

Mwajiri halipi mshahara peke yake. Kwa mfanyakazi wa 150,000 anaongeza asilimia 10 yake ya NSSF, asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia, WCF, na akifikisha wafanyakazi kumi, tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Bila tozo hiyo jumla inafika 165,750. Kwa kiwanda cha saruji kule Pongwe hiyo si habari. Kwa mwenye kibanda cha chipsi Chumbageni aliyeajiri kijana mmoja, ni habari kubwa, kwa sababu kuna miezi yeye mwenyewe hapati hiyo 165,750. Sheria inawatazama wote wawili kama waajiri. Hoja ya "tutapunguza watu" nikiisikia kutoka kwa mwenye kibanda naiamini, na ikitoka kwa kampuni yenye malori arobaini nataka kwanza nione vitabu.

Tanga ina kumbukumbu yake juu ya hili. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikokwe karibu na Pangani, na kwa miongo kadhaa mkoa huu uliishi kwa jasho la manamba walioletwa kutoka mbali. Walilipwa kwa kadi: siku 30 za kazi zikijaa ndipo mtu alipwe, na kila siku ilikuwa na idadi ya mafungu ya majani ya kukata, pungufu hailipwi. Baada ya Uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ilipandisha kima cha chini. Mashamba mengi yakajibu kwa kupunguza watu na kuwaongezea kazi waliobaki. Mwajiri wa leo akitoa mfano huo hadanganyi.

Ila mfano huo una sehemu ya pili. Watu walipungua, lakini mkonge haukupungua: mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Waliobaki kazini walilipwa vizuri zaidi, na walioondoka hawakuandaliwa pa kwenda. Kilichokuja kuvunja mkonge baadaye ni nyuzi za plastiki zilizoangusha bei ya dunia, na usimamizi uliolegea baada ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967. Kima cha chini hakikuua zao. Kilibadilisha nani anabaki shambani.

Wachumi wa nje nao hawakubaliani. David Card na Alan Krueger walilinganisha mikahawa ya New Jersey na ya jirani zao Pennsylvania baada ya New Jersey kupandisha kima cha chini mwaka 1992, wakakuta ajira hazikupungua. Card alipewa Nobeli mwaka 2021 kwa kazi za aina hiyo. Lakini New Jersey wanakagua waajiri wao. Kwetu mwajiri aliyezidiwa hana haja ya kufukuza mtu. Anaendelea kumlipa ile ile ya zamani, na wote wawili wananyamaza.

Na yule asiye na bosi?

Mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga analipwa kwa mgao: mafuta na barafu vinatolewa kwanza, chombo kinachukua fungu lake, nyavu zinachukua lake, kinachobaki wanagawana. Bodaboda anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, awe amepata abiria au hakupata. Mama lishe anajilipa kile kilichobaki kwenye sufuria. Hawa hawana mstari kwenye jedwali, na hata kima cha chini kikiwa milioni moja hakitawafikia. Wanachokutana nacho ni upande wa bei tu, na kwao dizeli, riba na kodi ya chumba ni mambo makubwa kuliko Amri yoyote. Nikisikia mbunge anajibu swali la ugumu wa maisha kwa kutaja kima cha chini, najua amejibu swali la watu wachache.

Katikati yao na walioajiriwa kuna kundi kubwa linaloambiwa halina haki wakati linayo. Hao ni vibarua, watu wa deiwaka, wanaoingia getini kila asubuhi kwa kuitwa majina, miaka nenda miaka rudi. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa likithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa: saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, anategemea kipato hicho kuishi, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano za kazi. Kibarua anayeitwa siku tano tu kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, yumo, hata kama hajawahi kushika mkataba mkononi. Na kima cha siku kinapatikana kwa kugawanya cha mwezi kwa 26: shambani, kwa kiwango cha 2022, ilikuwa shilingi 5,385. Aliyekuwa akipewa elfu nne kwa siku ya saa tisa kwenye shamba la mtu alikuwa akipunjwa, na "tulikubaliana" si utetezi.

Anayetaka kudai aanze kwa afisa kazi wa mkoa, au aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ajaze fomu namba 1. Kama ni kuachishwa kazi, ana siku 30. Kama ni malipo pungufu au saa za ziada, ana siku 60, na zinahesabiwa tangu mgogoro ulipoanza; akichelewa anatakiwa kuandika sababu na kuomba aongezewe muda. Halipii chochote kufungua shauri. Aende na chochote chenye jina lake na tarehe: kitambulisho cha getini, ujumbe wa malipo kwenye simu, picha ya ukurasa wa daftari la lindo. Kutunza kumbukumbu za ajira ni wajibu wa mwajiri, kwa hiyo asirudi nyumbani kwa kuambiwa kwamba bila mkataba wa maandishi hana kesi.